Kuongoza mbio za farasi tangu getini: mwongozo kwa joki anayetaka kushinda akiwa mbele

Mwaka 1973, katika mbio za Belmont Stakes kule New York, farasi Secretariat na Sham walitoka getini wakakimbizana ubavu kwa ubavu. Nusu ya kwanza ya safari, kama mita 1,200, waliimaliza kwa dakika 1 na sekunde 9.8. Sham akakatika pumzi, akafika wa mwisho kati ya farasi 5. Secretariat alishinda kwa urefu wa farasi 31, lakini farasi kama yule wewe huna na mimi sina, kwa hiyo somo letu tulichukue kwa Sham.

Miaka 5 baadaye, kwenye uwanja uleule na mbio zilezile, kijana wa miaka 18 aitwaye Steve Cauthen alimtanguliza Affirmed na kuipita alama hiyohiyo ya nusu kwa dakika 1 na sekunde 14. Amechelewa kwa zaidi ya sekunde 4, na kila sekunde ya mbio hizi ni karibu urefu wa farasi 5. Wenzake walikubali mwendo huo. Alydar alipokuja kumbana kwenye njia nyoofu ya mwisho, Affirmed alikuwa bado ana akiba, akashinda kwa kichwa tu.

Joki anayeongoza si lazima awe juu ya farasi mwenye kasi kuliko wote. Ndiye aliyeishika saa ya mbio, anayewapangia wenzake waende kwa mwendo gani, na anayejua kupumzika bila wao kugundua. Hatua zifuatazo zote zinatokana na jambo hilo.

Hatua ya 1: Mjue unayempanda

Kutoka kasi getini ni lazima, lakini ndilo jambo jepesi, kwa kuwa linaonekana mazoezini. Gumu ni kujua farasi wako huwaje akiachwa peke yake mbele. Farasi ni mnyama wa kundi. Wengine wakiona uwazi mbele yao hupandwa na wazimu: huuma lijamu, huinua kichwa, na mita 600 hazijaisha nguvu zimekwenda. Wengine huzubaa, wakaanza kutazama watu, bendera na vivuli. Mwaka 1990, Dayjur, farasi wa Uingereza aliyekuwa hashikiki katika mbio fupi, alikuwa anakaribia kushinda Breeders' Cup Sprint kule Belmont Park. Akakiona kivuli cha jukwaa kimelala njiani, akakiruka kana kwamba ni kiunzi. Ushindi ukapotea kwa shingo.

Mwombe mkufunzi akuruhusu umpeleke mbele ya wenzake wawili kwa mita 800, hatamu ukiwa umezilegeza. Tazama masikio. Yakisimama na kuelekea mbele, shingo ikiwa laini, huyo anafurahia nafasi yake. Akivuta mfululizo hadi mikono yako inawaka, usimlazimishe kazi hii. Atashinda zaidi akijificha nyuma ya wenzake. Anayezubaa huweza kusaidiwa na vifuniko vya macho, na anayeogopa vivuli afungwe ule mkanda mnene wa manyoya ya kondoo puani, unaomzuia kuona chini.

Hatua ya 2: Hesabu wanaotaka nafasi yako

Usiku wa kuamkia mbio, chukua orodha ya farasi na uandike mbele ya kila jina alikuwa wapi baada ya mita 400 katika mbio zake 3 zilizopita. Kazi hii ya dakika 20 hushinda mbio nyingi kuliko mjeledi.

Ukijikuta peke yako unayependa kuongoza, umeokota dhahabu. Mkiwa wawili, jiulize ni nani kati yenu anaweza kukimbia vizuri akiwa wa pili. Mwenye uwezo huo ndiye apishe. Mkiwa wanne, acha. Wawili watauana, wa tatu atawafuata kaburini, na mbio zitachukuliwa na farasi aliyekuwa wa saba. Joki wengi chipukizi wanalikosea hili kwa sababu bosi amesema "nenda mbele", nao wanakwenda mbele hata pakiwa panawaka moto. Zungumza na mkufunzi kabla, mkubaliane mpango wa pili, ili usije ukajieleza baadaye kwa mtu aliyekasirika.

Angalia pia namba ya kizimba chako na umbali wa kona ya kwanza. Ukiwa kizimba cha nje na kona iko mita 200 tu mbele, gharama ya kuupata uzio wa ndani ni kubwa. Hesabu yake ni rahisi: kwenye kona ya nusu duara, kila mita 1 unayokuwa nje inakuongezea kama mita 3 za kukimbia. Urefu wa farasi ni kama mita 2.4. Ukikimbia mita 2 nje ya mwenzako kona nzima, umemzawadia zaidi ya urefu wa farasi 2.

Na aina ya uwanja. Kwenye viwanja vya udongo kama vya Marekani, aliye nyuma anapigwa na udongo usoni, naye farasi huchukia. Aliye mbele anapata faida ya bure. Kwenye nyasi, kama pale Ngong jijini Nairobi, walio nyuma husafiri wakiwa wamekingwa upepo na wewe, wametulia, wakisubiri mita 400 za mwisho. Kwenye nyasi, basi, ukiongoza bila akili unawafanyia wenzako kazi ya kuwakata upepo.

Hatua ya 3: Jenga saa kichwani

Hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu, kwa kuwa ndipo joki wa mbele anapotengenezwa. Cauthen alipohamia Uingereza mwaka 1979 alikuta wenzake wengi wakipenda kusubiri nyuma na kuachia mwishoni. Yeye alikuwa amelelewa Marekani, ambako mazoezi ya asubuhi hupimwa kwa saa. Akawa bingwa wa majoki wa Uingereza mwaka 1984, 1985 na 1987, na silaha yake ilikuwa kujua, bila saa mkononi, amepita mita 200 kwa sekunde ngapi.

Mwendo wa kukumbuka ni sekunde 12 kwa kila mita 200. Secretariat alimaliza ile Belmont, yenye vipande 12 vya namna hiyo, kwa dakika 2 na sekunde 24 kamili. Gawanya utapata sekunde 12 kwa kila kipande. Hiyo ni kasi ya ajabu kwa umbali ule. Mazoezi ya kawaida huenda kwa sekunde 14, 15 au zaidi. Ujifunze kuzihisi zote.

Fanya hivi. Mpe saisi stopwochi asimame mahali anapoona nguzo za mita 200. Wewe panda, pita nguzo mbili kwa mwendo mliokubaliana, kisha kabla hajasema kitu, wewe ndiye utaje namba: "Kumi na tano na nusu." Ndipo naye akuambie ukweli. Wiki ya kwanza utakosea kwa sekunde 1 au zaidi. Usikate tamaa. Andika kwenye daftari ulichotaja na kilichokuwa, pamoja na jina la farasi, kwa sababu farasi mwenye hatua ndefu hudanganya: unadhani mnatembea, kumbe mnaruka. Mwenye hatua fupi hukufanya udhani unawahi ilhali umechelewa. Lengo ni kukosea kwa robo sekunde tu, juu ya farasi yeyote, kukiwa na upepo au mvua.

Vitu vya kusikiliza ni hivi. Kwato zina mdundo wake; kwa kasi ya mbio, mita 200 huchukua hatua za shoti karibu 30. Upepo masikioni hubadilika sauti. Na pumzi: farasi anapokwenda shoti huvuta na kutoa pumzi mara moja kwa kila hatua, kama mviringo mmoja. Hawezi kuhema zaidi ya anavyokanyaga. Ukilishika hilo vizuri, utaelewa mwenyewe kwa nini hatua ndefu na tulivu ndiyo mapumziko yake, na kwa nini joki anayevutana naye hatamu anamnyima hewa.

Kama bado huna farasi wa kufanyia mazoezi kila siku, nenda uwanjani siku ya mbio, simama karibu na uzio badala ya jukwaani, upime vipande kwa simu yako. Baada ya miezi michache utaanza kusema "hawa wanakwenda haraka mno" kabla saa haijakuambia, na wakati mwingi utakuwa kweli.

Hatua ya 4: Getini na mita 200 za kwanza

Ndani ya kizimba, hakikisha kichwa kimenyooka na miguu yote minne imekanyaga sawasawa. Shika singa au mkanda wa shingoni kwa vidole viwili, ili akiruka usimvute mdomo bila kukusudia. Akitoka, usimpige. Mwachie hatua 3 au 4 ajikusanye, kisha msukume kwa mikono.

Nia yako katika mita hizi ni kufika mbele kwa gharama ndogo kuliko wanavyodhani. Wakuone umedhamiria. Joki aliye pembeni yako anafanya hesabu ileile. Ukionekana umeazimia, mara nyingi atarudi nyuma mwenyewe. Ukishapata nusu urefu, punguza mikono mara moja. Kuendelea kusukuma farasi ambaye tayari anaongoza ni kosa ninaloliona kila Jumapili, na linaniuma, kwa sababu nguvu ile hairudi.

Hatua ya 5: Kuuchukua uzio

Usikate mbele ya mtu kabla hujampita kabisa, tena kwa zaidi ya urefu mmoja wa farasi. Ukimfunga njia, waamuzi wanaweza kukushusha nafasi na kukufungia siku kadhaa. Lililo zito zaidi, farasi wa nyuma akigusa kisigino cha wako, anaanguka na mwenzako yuko juu yake. Sogea taratibu, mshazari mrefu, ukitazama chini ya kwapa. Ukifika, acha nafasi ndogo kati yako na uzio, isiyotosha farasi mwingine kupenya.

Hatua ya 6: Iba pumzi

Sasa kazi halisi. Uko mbele, umepata uzio, na wengine wamepanga foleni. Unataka kupunguza mwendo, lakini ukipunguza ghafla watakujaa. Kwa hiyo usivute hatamu. Vuta kwa mwili: shusha makalio kidogo sana, tuliza mikono shingoni, acha bega lilegee. Farasi aliyezoezwa atarefusha hatua na kupunguza kasi bila kichwa chake kuinuka, na joki wa nyuma hataona chochote, kwa kuwa anachokitazama ni mikono na kichwa.

Mahali pa kuibia ni kona, ambapo kumpita mtu ni ghali na hakuna anayetaka kuzunguka nje. Mahali pengine ni mlima. Epsom, pale Derby ya Uingereza inapokimbiwa, njia hupanda mwanzoni kisha huteremka hadi kona ya Tattenham. Anayepanda kwa pupa hulilipa deni hilo mwishoni. Robo sekunde hapa, nusu sekunde pale. Ukiiba sekunde 1 na nusu kwenye mbio za mita 2,000 bila mtu kukusogelea, atakayekushinda atakuwa farasi bora kwa kweli.

Akija mtu pembeni mapema, usimjibu kwa hasira. Mwachie shingo ya farasi wako ibaki mbele, bila kuongeza zaidi ya hapo. Mara nyingi yeye ndiye aliyeshindwa kumtuliza wake. Aking'ang'ania kupita, na saa yako ya kichwani inakuambia mwendo tayari ni mkali, mwache aende. Kaa nyuma yake ukingwe upepo, umrudie baadaye. Sham hakufanya hivyo.

Hatua ya 7: Ondoka kabla hawajatarajia

Anayeongoza hana mbio za kushtukiza za mita 200. Wenye hizo wako nyuma yake. Ukiwasubiri hadi wakufikie, umechagua mchezo wao. Kwa hiyo anza kuongeza ukiwa bado kwenye kona, mita 500 au 600 kabla ya mwisho, kwa hatua ndogondogo: kipande cha sekunde 12.5, kisha 12, kisha kasi yote. Wakati wengine wanatafuta njia ya kutoka nje ya msongamano, wewe umeshaweka urefu wa farasi 3 mfukoni.

Cauthen alifanya hivyo na Slip Anchor katika Derby ya 1985. Walipoingia njia nyoofu mbio zilikuwa zimekwisha. Walishinda kwa urefu wa farasi 7. Miaka 2 baadaye alirudia na Reference Point. Na tarehe 4 Julai 2020, Derby ikiwa haina mtazamaji hata mmoja kwa sababu ya korona, Emmet McNamara aliondoka na Serpentine, farasi ambaye wachache walimpa nafasi. Majoki wa nyuma walikuwa wakitazamana wao kwa wao, kila mmoja akingoja mwingine aanze kumfukuza. Hakuna aliyeanza. Akawaacha kwa urefu wa farasi 5 na nusu. Hiyo ndiyo zawadi ya kutodhaniwa: wanadhani utarudi mwenyewe.

Ipo njia nyingine, ya kutoiba chochote. Wakenya wanaijua kupitia David Rudisha, aliyeongoza mita 800 za Olimpiki ya London mwaka 2012 tangu mlio wa bunduki, mzunguko wa kwanza sekunde 49.28, na kumaliza kwa 1:40.91. Farasi Frankel alifanya vivyo hivyo katika mbio za 2,000 Guineas za 2011 kule Newmarket, akiwa ametangulia sana katikati ya safari na bado akashinda kwa urefu wa farasi 6. Wajapani humwita farasi wa namna hii kwa neno la kutoroka. Oktoba 2022, Panthalassa alizimaliza mita 1,000 za kwanza za Tenno Sho, mbio kubwa za Japani, kwa sekunde 57.4, mbali kabisa na wenzake. Equinox ndiye pekee aliyemfikia, karibu na mstari. Miezi 4 baadaye Panthalassa aliongoza mwanzo hadi mwisho na kushinda Saudi Cup mjini Riyadh. Kutoroka huku ni kwa farasi wa kipekee na kwa joki anayemwamini kabisa. Usikujaribu kwa sababu tu umeona video.

Hatua ya 8: Njia nyoofu ya mwisho

Usigeuke kutazama nyuma zaidi ya mara moja. Kila ukigeuka, uzito wako unahama na farasi anayumba. Sikiliza kwato, tazama kivuli kama jua liko upande mzuri.

Mwache abadili mguu anaoutanguliza. Kwenye kona ya kushoto hutanguliza wa kushoto, na akitoka kwenye kona akahamia wa kulia, anapata kama nguvu mpya kwa sababu ule mwingine umechoka. Hamisha uzito kidogo, legeza hatamu ya upande mmoja, atahama.

Mjeledi ni wa mwisho na kwa hesabu. Uingereza huruhusu mara 6 tu katika mbio zisizo na viunzi, na 7 katika za viunzi. Jizoeze mikono yote miwili. Affirmed alipobanwa na Alydar upande wa kulia, Cauthen hakuwa na nafasi ya kuinua mkono huo. Akauhamishia mjeledi kushoto. Linganisha na Grand National ya 1973, mbio za viunzi za Uingereza. Crisp, akibeba pauni 23 zaidi ya Red Rum, aliongoza karibu safari nzima na kuruka kiunzi cha mwisho akiwa mbele kwa urefu wa farasi 15 hivi. Joki wake, Richard Pitman, akamchapa kwa mkono wa kulia. Farasi aliyechoka akayumba kushoto, hatua zikapotea. Red Rum akampita karibu na mstari, kwa robo tatu ya urefu. Pitman mwenyewe alikiri baadaye kwamba lile lilikuwa kosa. Farasi aliyekwisha nguvu anahitaji kushikiliwa anyooke, kichwa kikiwa kimetulia na mikono ikienda naye.

Na kuna jambo moja linalotangulia yote haya. Ukihisi hatua imevunjika, mguu mmoja unakanyaga tofauti, simamisha, hata ukiwa mbele kwa urefu wa farasi 10. Silence Suzuka, farasi wa Japani, alikuwa ameshinda mara 6 mfululizo mwaka 1998, na katika Tenno Sho ya tarehe 1 Novemba alipita mita 1,000 kwa sekunde 57.4, sawasawa na Panthalassa miaka 24 baadaye. Mfupa wa mguu wa mbele ukavunjika kwenye kona. Joki wake, Yutaka Take, alimtoa njiani bila wa nyuma kumwangukia, lakini farasi hakuokolewa. Aliye mbele ana kundi zima nyuma yake. Akianguka, haanguki peke yake. Mtoe nje taratibu, mbali na njia yao, ushuke, umshike hadi daktari afike.

Hatua ya 9: Baada ya mstari

Usimkate ghafla. Mwache apungue mwenyewe hadi matembezi, umpapase shingo, usikilize anavyohema na anachukua muda gani kutulia. Ukishapimwa uzito, kabla ya kwenda kunawa uso, andika vipande vyako kwenye daftari kama ulivyovihisi. Jioni video ikitoka, kaa na saisi na stopwochi, mpime kila mita 200, mwandike namba za kweli kando ya zako.